Jiwe Lililoitwa Mwenye Nyumba

Wapo wanaodhani kwamba methali ya mficha uchi hazai ilitungwa ili watu wacheke. Haikutungwa kwa kicheko. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akikataa kuvua nguo mbele ya mkunga, ataumia yeye, ataumia mtoto, na mkunga atabaki amekunja mikono. Maana yake ni kwamba mwenye shida akimficha yule anayeweza kumsaidia, shida itabaki palepale, na mara nyingi itanenepa. Hata mtoto anaielewa methali hiyo. Kuitii ndiyo kazi, hasa kwa mwanamume aliyejengewa jina la nguvu.

Mwanamume mmoja wa namna hiyo alikuwa fundi wa matairi, na mtaani walimwita Jeki. Jina lilimpata ujanani, siku jeki ya karakana ilipogoma na mteja alikuwa na haraka. Aliinama, akashika chini ya bampa, akanyanyua kona ya gari mpaka mwenzake akachomoa tairi na kuweka jingine. Gari lenyewe lilikuwa dogo na nati zilikuwa zimeshafunguliwa zote, lakini watu hawakumbuki mambo kama hayo. Tangu siku hiyo, palipokuwa na kabati la kuhamisha au friji ya kupandisha ngazi, aliitwa Jeki, na Jeki alikwenda. Hakuwahi kusema siwezi. Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua. Upande mmoja ulikuwapo mlango wa jikoni, upande wa pili chumba kimoja chenye baraza ndogo, na pembeni kabisa bafu na choo. Ardhi ya hapo katikati ilikuwa kama mdomo wa kizee: meno machache, marefu, yaliyokaa ovyo. Mawe yalichomoza kila mahali, na kati yake palikuwa na mabonde ya kukamata kisigino. Palipokutana njia zote, ya jikoni, ya chumba cha uani na ya bafuni, lilikaa jiwe moja pana, jeusi, mgongo wazi. Mafundi waliojenga nyumba walilikwepa. Familia nayo ikalikwepa, ikalipa jina la Mwenye Nyumba, kwa kuwa lilikuwapo kabla ya wote na wengine walikuwa wapangaji tu.

Katika chumba cha uani aliishi mama mzazi wa mkewe. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walitua kwanza katika mikono yake, wakiwamo wengine ambao sasa walikuwa na vipara. Alikuwa na ulimi mkali na jicho lisilopepesa. Lakini mwaka huo alianguka akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali alitoka na fremu ya chuma yenye miguu minne, ya kushika kwa mikono miwili na kusogeza mbele kidogo kidogo. Aliiita mchumba wake.

"Mchumba wangu huyu hana maneno," alisema siku ya kwanza. "Tatizo lake moja, hawezi mawe."

Ni kweli, hakuweza. Barazani alitembea naye vizuri, ila akishuka uani, mguu mmoja wa fremu ulikaa juu ya jiwe na mwingine ukaning'inia hewani. Kwa hiyo kila alipotaka kwenda bafuni, binti yake alimbeba mgongoni. Mama yule aliyewaona watu wote uchi bila kutikisika sasa alivuka ua akiwa amefumba macho kwa haya, na binti yake, ambaye naye hakuwa msichana tena, alirudi akishika kiuno.

Jeki aligundua jambo ambalo mkewe hakuligundua. Kikombe cha chai cha mama mkwe kilikuwa kikirudi jikoni na chai nusu. Baadaye kikarudi kimejaa. Maji hakuyagusa. Mama alikuwa anajinyima kunywa ili asibebwe.

"Atajiua kwa kiu huku tunamtazama," Jeki alimwambia mkewe. "Natandaza pevingi uani. Atembee mwenyewe."

Akamwita fundi wa kutandaza vile vitofali vya saruji. Fundi huyo mtaani aliitwa Kobe, kwa sababu hakuwahi kukimbilia kitu chochote, hata chakula. Kobe alizunguka ua akiwa ameweka mikono nyuma. Alichuchumaa hapa, akachuchumaa pale, akapiga teke jiwe moja kwa upole kama anayeamsha mbwa.

"Vitofali ni nguo," alisema mwishowe. "Mwili ndio huu. Ukimvisha mgonjwa suti bado ni mgonjwa."

"Mwili niachie mimi," Jeki akajibu. "Wewe njoo na nguo zako."

"Chimba shubiri moja kila mahali. Jiwe litakalobaki limechomoza ndani ya hiyo shubiri, ling'oe au livunje. Ukishamaliza weka kokoto, shindilia, kisha mchanga. Mteremko uelekee mtaro wa nje, usielekee mlango wa mama. Maji hayana adabu, yanaingia bila hodi."

"Nimekusikia."

"Na yule je?" Kobe alimnyooshea kidole Mwenye Nyumba.

"Yule nitamhamisha."

"Peke yako?"

"Wewe unaniita nani?"

"Jeki."

"Basi."

Kobe akainua mabega akaenda zake, polepole.

Lakini Jeki alikuwa na jambo lake. Tangu mwaka uliopita, siku alipoinua gurudumu la lori bila kusubiri mtu, upande wa kushoto wa kinena chake palitokea uvimbe. Mwanzoni ulikuwa kama kokwa ya ukwaju, baadaye ukawa kama yai. Akilala chali unarudi ndani. Akinyanyua kitu, akikohoa, hata akicheka sana, unatoka. Alijua si kitu kizuri. Kazi yake ilimfundisha, maana kila wiki alimwambia mteja mmoja au wawili, "Tairi likishatoa uvimbe ubavuni usiliendeshe, litakupasukia njiani." Hata hivyo, la kwake aliliendesha. Alikata utepe mpana wa mpira wa ndani wa tairi, akajifunga kiunoni na kupitisha kwenye paja, akaubana uvimbe kama anavyoziba pancha. Mkewe alipouliza kwa nini anatembea kama anayekanyaga mayai, alisema ni mgongo. Mkewe akanunua mafuta ya kuchua, akawa anamsugua mgongo kila jioni kwa bidii, naye akalala kifudifudi akiguna mahali pasipouma.

Angemwambia nani? Wateja wangecheka. Rafiki zake wangecheka zaidi. Mtu mmoja tu katika nyumba ile angetazama mara moja na kujua, naye ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye Jeki angeweza kumwambia. Mbele ya mama mkwe, Jeki hakuwahi hata kuvua shati. Nguo zake za ndani zilianikwa kamba ya nyuma kabisa, zikasitiriwa na mashuka.

Akaanza kuchimba. Alipigilia vigingi pembe zote, akavuta uzi, akapima usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kisha akashusha uzi kidogo upande wa mtaro kama alivyoagizwa. Alishika sururu. Udongo wa juu ulikuwa mwepesi, ila chini yake kila pigo lilipiga cheche. Mawe madogo aliyang'oa kwa mikono, ya kati aliyatingisha kwa mtalimbo mpaka yakalegea kama jino la mtoto, akayapakia kwenye toroli na kuyarundika kando ya ukuta. Ilikuwa kazi ya kinyama. Kiganja kilichubuka, shati likawa bati kwa jasho na vumbi. Na kwa kila jiwe lililozidi uzito wa mtoto wa kubebwa, utepe wa mpira ulivutika na yai likatokeza.

Mama mkwe alikaa barazani akichambua maharage kwenye ungo, fremu yake pembeni. Macho yake hayakuwa kwenye maharage.

"Baba," alimwita, kama alivyozoea kumwita mkwewe kwa heshima.

"Naam, mama."

"Kila ukinyanyua jiwe, mkono wa kushoto unaingia mfukoni. Una nini humo?"

"Funguo, mama. Nazizuia zisidondoke."

"Funguo nzito hizo."

"Ni za karakana, mama."

"Na zinakukohoza pia?"

"Hilo ni vumbi, mama."

Mama akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage, likaangukia karibu na mguu wa Jeki. "Ongeza na hilo kwenye rundo lako," alisema. Jeki akacheka kidogo, akajishika, akaenda kunawa uso ambao haukuhitaji kunawa.

Siku zikapita, ua ukapungua meno. Akabaki Mwenye Nyumba. Jeki alichimba mfereji kumzunguka, na kadiri alivyochimba ndivyo jiwe lilivyozidi kuwa pana. Lilikuwa kama mtu aliyetoa kisogo tu nje ya shuka. Aliingiza mtalimbo chini ya ukingo, akatia kabari ya jiwe, akaegemea kwa uzito wake wote. Jiwe halikutikisika. Kilichotikisika ni yeye. Yai lilitoka likiwa kubwa kuliko siku zote, akalazimika kuchuchumaa nyuma ya jiwe, akijifanya anachunguza ufa, huku vidole vikisukuma na jasho baridi likimshuka.

Kila mtu mwenye akili angetoka nje akaita wanaume wanne. Lakini kuita wanaume wanne maana yake ni kuulizwa, "Jeki, wewe leo umeita watu?" Swali hilo alilisikia masikioni hata kabla halijaulizwa. Kwa hiyo akachukua nyundo kubwa, akavunja ngozi ya juu ya jiwe, vipande kama vya sahani. Kilichobaki kilikuwa bado juu ya kina cha shubiri, karibu kushika uzi. Akamwaga kokoto pande zote, akashindilia kwa gogo lenye mikono miwili mpaka dirisha la jikoni likatetemeka. Juu ya jiwe lenyewe kokoto hazikupata nafasi. Alimwaga mchanga tu, akauvuta kwa ubao ulionyooka, ukakaa sawa kama shuka lililotandikwa hospitali.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alijisemea.

Mkewe alitoka jikoni, akashika mdomo kwa furaha. "Mume wangu! Hapa hata mtoto mchanga atambae."

Mama mkwe alitazama kutoka barazani. "Mwenye Nyumba amehama?"

"Amehama, mama."

"Hakuaga."

"Alikuwa na haraka, mama."

"Haraka gani hiyo? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sijamwona akipita." Akapeta ungo. "Haya. Mficha uchi hazai."

Mkewe Jeki akacheka, akidhani mama anataniwa na mkwewe naye anajibu. Jeki pia akacheka. Alidhani mama anasema habari za jiwe. Alipoinua kichwa ndipo alipoona kwamba macho ya mama hayakuwa kwenye mchanga. Yalikuwa kwenye mfuko wake wa kushoto.

Kesho yake asubuhi Kobe alifika na pikapu iliyobeba vitofali. Hakuanza kushusha. Alichomoa kipande cha nondo, akaingia uani, akawa anakichoma mchangani hatua baada ya hatua, kama anayetafuta kitu alichozika. Nondo ilizama kidogo mchangani, ikakutana na kokoto zilizoshikana, ikatoa sauti ya kukwaruza. Hatua nyingine, sauti ileile. Alipofika katikati, nondo ilipiga kong.

Kobe akachoma kando kidogo. Kong. Akasogea. Kong.

"Nani amelala hapa?" aliuliza.

"Kijiwe tu," Jeki akasema. "Hakina neno."

"Kina maneno mengi. Sikiliza." Kobe hakupandisha sauti. "Vitofali vilivyo juu ya kokoto vitashuka kidogo mvua ikija, vyote pamoja, hutaona. Vilivyo juu ya huyu havitashuka. Kwa hiyo hapa katikati patabaki nundu, na kando yake ngazi. Mama atakuja na mchumba wake, mguu mmoja utakwaa hapa. Unataka avunje nyonga ya pili?"

 Mama mkwe barazani aliacha kuchambua.

"Tumtoe," Kobe akasema. "Leta mtalimbo. Mimi nashika huku, wewe huku. Si ndiwe uliyenyanyua gari?"

Hapo ndipo mtu angeweza kusema, "Ndugu yangu, siwezi, naumwa." Maneno manne tu. Jeki alimtazama Kobe, akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni, akamwona mama mkwe amenyoosha shingo. Akajikaza kisabuni, akashika mtalimbo.

"Moja," Kobe akahesabu. "Mbili. Haya!"

Jiwe liliinuka kidogo sana. Upande mmoja ulitoka, Kobe akasukuma kabari kwa mguu. Wakati huohuo Jeki alisikia ndani ya mwili wake kitu kikikatika, pa, kama utepe wa mpira. Ulikuwa utepe kweli. Yai likatoka lote, na safari hii halikuwa yai, lilikuwa ngumi. Aliuachia mtalimbo. Alisimama wima kidogo, uso umekuwa rangi ya majivu, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani, nakuja," akaingia ndani.

Alijilaza chali. Alisukuma kwa vidole kama kawaida. Halikurudi. Alisukuma tena, maumivu yakampanda mpaka kifuani. Akatapika kwenye beseni.

"Ni nini?" mkewe aliingia mbio. "Umekula nini?"

"Tumbo tu. Lile embe la jana."

"Hukula embe jana!"

"Basi la juzi. Niache nilale."

Mkewe akakimbia jikoni kuchemsha tangawizi. Alipotokea kwenye mlango wa uani mama yake alimzuia kwa sauti. "Ametapika?"

"Ndiyo, mama. Anasema ni tumbo."

"Amelala vipi? Chali au kwa ubavu?"

"Amejikunja. Anashika hapa." Akaonyesha.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Maharage yakamwagika, hakuyaangalia. Alishika fremu yake kwa mikono miwili, akajiinua, akashuka barazani.

"Mama, ngoja nikubebe!"

"Nani kakuambia nabebwa? Mkunga habebwi kwenda kazini."

Akavuka ua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu avunjike. Miguu minne ya chuma ilitua kwenye ardhi iliyoshindiliwa, ikazama kidogo mchangani, ikashika. Kobe alimfuata pembeni na mikono wazi, kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Alipofika katikati alimkuta Mwenye Nyumba ameinua bega moja nje ya shimo. Alimzunguka bila kumwangalia, akaingia kwa mlango wa jikoni, akapita sebuleni, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha mkwewe.

Jeki alipomwona aligeuka chali, akajivutia shuka mpaka kidevuni. "Mama! Shikamoo, mama. Ni tumbo tu, mama."

"Marahaba. Mama yako nimemwacha barazani," alisema yule mama. "Aliyesimama hapa ni mkunga. Naingia."

"Mama, nakuomba..."

"Mteja akikuletea tairi lenye uvimbe ubavuni, unamwambiaje?"

 Maumivu yalimfanya Jeki ahesabu mbao za dari. "Namwambia asiliendeshe," alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Litapasuka."

"Na wewe la kwako umeliendesha tangu lini?"

 Machozi yalimtoka Jeki pembeni mwa macho, yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Mama alisogeza fremu mpaka kitandani.

"Nisikilize. Wanawake niliowazalisha siwakumbuki uchi wao. Namkumbuka mmoja tu, aliyebana miguu mpaka jua likazama kwa kumwonea haya mama wa mumewe aliyekuwa mlangoni. Huyo namkumbuka kwa sababu mtoto wake nilimtoa amekwisha kuwa wa kijani. Fungua shuka, baba."

Jeki alifumba macho, akaachia shuka.

Mama alitazama kwa muda mfupi kama mtu anayesoma saa. Hakugusa ila kwa mgongo wa kidole kimoja. Pale palikuwa pagumu, pamewiva, pamebadilika rangi. Akafunika shuka mwenyewe, akageuka. Mkewe Jeki alikuwa ameingia na kikombe cha tangawizi kinachotoa mvuke.

"Mwaga," mama alisema. "Asinywe hata tone. Ni ngiri, na utumbo umenaswa. Mtu yeyote asiisukume. Wewe Kobe!"

"Naam, mama!" Kobe aliitikia kutoka jikoni.

"Hiyo pikapu yako inakwenda kasi au nayo ni kobe?"

"Leo itakwenda, mama."

Ikaenda. Mtaa mzima ulimwona Jeki akitolewa amekunjwa kama shati, ameshikwa huku na huku, na nyuma ya pikapu vitofali vikigongana njia nzima kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kuvishusha. Kobe alipita kwenye matuta ya barabarani bila kupunguza mwendo. Waliomjua walidhani pikapu imeibwa.

Daktari wa upasuaji aliuliza uvimbe ulianza lini. "Leo asubuhi," mkewe akajibu haraka.

Jeki alilamba midomo iliyokauka. "Tangu mwaka jana," alisema.

Mkewe aligeuka polepole. "Na yale mafuta niliyokuwa nakusugua mgongo kila jioni?"

"Yalinisaidia mgongo."

"Ukipona," mkewe alisema, "tutazungumza."

Alipozinduka baada ya upasuaji, daktari alimwambia kwamba utumbo ulikutwa umebanwa na umeanza kuwa mweusi, lakini ulipoachiwa ulirudi rangi. Kama angelala na tangawizi yake mpaka jioni, wangekata kipande, au wangechelewa kabisa. "Nani alikuzuia kunywa?" daktari akauliza. Jeki akasema ni mama mkwe wake. Daktari akaandika kitu, akasema, "Msalimie."

Aliporudi nyumbani alikatazwa kunyanyua chochote kizito kuliko sahani yake. Alipita jikoni akitembea polepole, mkono ukutani, akafika mlango wa uani akasimama.

Ua ulikuwa umevikwa. Vitofali vilikaa bega kwa bega, kijivu na vyekundu, mteremko ukielekea mtaroni kiasi ambacho jicho halikukiona ila maji yangekiona. Kobe alikuwa amepiga magoti kwenye safu ya mwisho, akigonga kwa nyundo ya mpira.

"Mwenye Nyumba yuko wapi?" Jeki aliuliza.

"Tunamkanyaga sote," Kobe akasema. "Niliita wanaume wa mtaa. Tulikuja sita, tukashindwa. Tukamwashia moto wa kuni mgongoni toka asubuhi, tukamwagia maji baridi akiwa amewaka. Alipasuka, kishindo kikawaamsha waliolala mchana. Chini alikuwa mkubwa kuliko pikapu yangu. Tumemvunja vipande, na vipande hivyohivyo tumevirudisha shimoni, tukavishindilia. Sasa yeye ndiye anayebeba sakafu."

Jeki alitafakari. "Walisema nini uliposema Jeki kashindwa?"

"Sikusema umeshindwa. Walichosikia ni kwamba una ngiri."

"Uliwaambia?"

"Mama ndiye aliyewaambia, kwa sauti, kutoka barazani. Unajua walisemaje? Mwuza mkaa alisema hata yeye anayo. Akainua shati hapohapo. Ilibidi mama amwambie ashushe kwanza, kuna watu wanakula." Kobe akagonga kitofali, akakipima kwa jicho. "Na nikwambie ukweli. Jiwe lile hata jeki ya lori isingelitoa. Ulikuwa unaona aibu kwa kushindwa na mlima."

Barazani mama mkwe alijiinua, akashika fremu. Akashuka. Miguu minne ikatua, tak, juu ya vitofali, na hakuna uliobaki hewani. Akapita juu ya pale alipokuwa Mwenye Nyumba bila kupunguza mwendo, akaenda bafuni, akafunga mlango. Hakuna aliyembeba, hakuna aliyefumba macho. Waliokuwa uani walitazama mlango wa bafu uliofungwa kama watu wanaotazama jambo kubwa. Lilikuwa jambo kubwa.

Alirudi, akaketi, akamtazama binti yake. "Chai ipo?"

"Ipo, mama."

"Lete. Usinipimie kama mgonjwa, jaza kikombe." Alipokimaliza alikinyoosha tena mbele. "Ongeza."

Jeki aliletewa kigoda, akakaa karibu naye, kitu ambacho zamani hakukifanya.  Mama alisogeza ungo wa maharage katikati yao, naye Jeki akaanza kuchambua, kwa kuwa maharage hayazidi uzito wa sahani.

Kobe alikuwa amemaliza kazi, lakini hakuondoka. Alifagia mchanga kwenye nafasi za vitofali, akafagia tena palipokuwa safi. Akakusanya vifaa, akavipanga, akavipangua. Mwishowe akaja mbele ya baraza, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "nina rafiki yangu mmoja."

"Ehe."

"Huyo rafiki yangu, akikaa muda mrefu amepiga magoti, kuna mahali panatoka kitu. Si kikubwa. Kama punje ya njugu. Panawasha, na siku nyingine panatoka damu. Ananiuliza, sijui nimwambieje."

Mama alikunywa chai. "Rafiki yako huyo anavaa viatu kama vyako hivyo?"

Kobe akatazama viatu vyake vilivyojaa saruji. Jeki aliinama juu ya ungo, akajizuia kucheka, maana kucheka bado kulimvuta mshono.

"Anafanana na mimi kidogo," Kobe alikiri.

"Mwambie mlango uko wazi," mama alisema, akasimama na mchumba wake, akatangulia kuingia chumbani. "Mwambie pia anawe mikono kwanza, na asinipotezee wakati. Mkwe wangu hapa alinipotezea mwaka mzima na nusura apotee yeye."

Kobe aliegemeza nyundo ya mpira ukutani, akanawa mikono kwenye ndoo, akaingia. Alifunga mlango nyuma yake polepole, kama Kobe, lakini aliufunga akiwa ndani. Jeki, aliyebaki nje na ungo mapajani, hakuhitaji kufafanuliwa tena na mtu yeyote: mficha uchi hazai.